Chai ya Rangi ya Nurdini

Mjini Newala kuna watu wanaoweza kukuambia ubora wa oili ya injini kwa kuilamba. Usicheke. Wapo, wana wake na watoto, na wanaheshimika. Mkubwa wao ni Fundi Swalehe, mwenye gereji nyuma ya stendi. Ukimpelekea gari linaloumwa, kwanza huchomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusia kidoleni, akasugua kidole na dole gumba, akanusa, akagusisha kwenye ncha ya ulimi, akatema, kisha akatazama mbali upande wa bondeni kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Hapo gereji nzima hunyamaza. Hukumu ikishatoka haina rufaa.

Siku hiyo gari lililokuwa mbele yake lilikuwa Fuso ya Rukaiya, na oili yake ilikuwa nyeusi ti.

"Hii," alisema Fundi Swalehe, akatema mara ya pili, "si oili."

"Ni nini sasa, fundi?"

"Sijui ni nini. Ila oili siyo. Oili nzuri unaitoa na rangi yake uliyoitia nayo. Hii imeoza. Imekuwa maji. Nani kakuuzia?"

Kijiti kikapita kwenye benchi la gereji, lile benchi ambalo kila gereji inalo, la watu wasio na gari, wasio na kazi ya gari, lakini wenye rai juu ya kila gari. Kila mmoja akachovya kidole, akasugua, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mmoja wao, ambaye chombo pekee alichowahi kuendesha ni baiskeli ya mkwewe, alisema oili ile ina dalili zote za kutengenezwa uani kwa mtu.

Rukaiya aliwatazama wote kwa dharau aliyojaliwa nayo. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mmakonde wa Makote, mjane, na watu walimwita Mama Stamili kwa jina la binti yake mkubwa. Fuso ile moja ndiyo iliyoendesha nyumba yake: katikati ya mwaka ilipeleka vijijini dawa za mikorosho na salfa, ule unga wa kuzuia ukungu wa ubwiri, na msimu wa korosho ulipofunguliwa ilishusha magunia kutoka vyama vya msingi mpaka ghalani Masasi. Lakini gari halikujulikana kama ulivyojulikana mdomo wake. Aliwadharau mafundi, aliwadharau wauzaji wa vipuri, aliwadharau makarani wa chama, na wanaume wa kwenye mabenchi aliwadharau kwa jumla bila kuchambua. Alisema maneno ambayo watu waliyarudia jioni nyumbani kwao.

Kwa kawaida asingeuamini ulimi wa Swalehe hata kwa kuonja chumvi ya mboga. Lakini gari lilikuwa linatoa moshi wa bluu, linakunywa oili kupita kiasi, na kwenye kupanda kutoka Masasi lilikuwa linahema mpaka watu wa pikipiki wanalipita wakipunga mkono. Lazima awepo wa kulaumiwa, na nyumbani kwake mwenyewe hakuwa amefikiria kumtafuta. Basi hukumu ya ulimi ilimfaa, akaichukua.

"Nurdini wa Masasi," alisema. "Yule wa vilainishi. Kaniambia ni sintetiki, ya kisasa, haichoki na joto, nikamwamini kama mtoto. Kumbe gari langu nalinywesha chai ya rangi!"

Benchi lilipasuka kwa kicheko. Chai ya rangi! Chai ya rangi ya Nurdini! Mmoja alijipiga mapajani, mwingine aliinuka kwenda kumsimulia muuza chipsi. Rukaiya akaona raha ile anayoiona mtu akisema neno likashika. Aliwaacha wakicheka akaenda zake.

Kesho yake alishuka Masasi kwenda kumtukana mwenyewe dukani. Dereva wake alikuwa Ladislaus, Mmakua wa Lukuledi, mwembamba, mpole, na mtani. Mmakua na Mmakonde wakikutana wana ruhusa ya kusemana mpaka msibani, na anayekasirika ndiye anayechekwa. Kwa hiyo safari za gari lile hazikuwa na haja ya redio.

"Shikamoo, mama," Ladislaus alisema asubuhi ile akiwasha injini, moshi ukafunika banda la kuku.

"Marahaba. Wamakua mmeamka? Nilidhani mnangoja mpikiwe kwanza."

"Tumeamka. Sisi tuna maji ya kunawia uso. Si nyinyi, mmepanda juu ya mlima mkakuta hakuna maji, mkaona aibu kushuka." Akaingiza gia. "Ila mama, hili gari lako mwaka huu halitashikwa na ubwiri. Linakula salfa kuliko mikorosho yenyewe."

"Likila salfa litazaa korosho, wewe Mmakua utaziiba," alijibu Rukaiya, wakacheka wote wawili.

Duka la Nurdini lilikuwa kwenye barabara kuu ya Masasi, lina bango kubwa la bluu na makopo yamepangwa kwa usafi wa kuudhi. Nurdini, baba yake Faruku, alikuwa mtu wa kanzu na miwani, aliyezoea kueleza jambo hata kwa asiyeuliza. Asubuhi ile hakuwa na wa kumweleza. Madereva wa Newala waliokuwa wakijaza duka lake walikuwa ng'ambo ya barabara, wamesimama kwenye duka jingine, wanatazama. Jina lilikuwa limeshashuka mlimani kabla ya mwenye kulitunga.

"Wewe Nurdini," Rukaiya alianza tangu mlangoni, kwa sauti ya kuwafikia wa ng'ambo, "mimi nilikuomba oili au nilikuomba kifungua kinywa? Maana kama ni chai ungeniambia, nikaleta na vitumbua!"

Nurdini alivua miwani akaifuta. "Imefanya nini?"

"Imekuwa nyeusi. Swalehe kailamba, kasema imeoza."

"Kailamba." Nurdini alilirudia neno hilo polepole, naye dharau alikuwa nayo, sema yake ilikuwa ya ndani. "Mama Stamili, injini ya dizeli inatoa masizi. Yanakwenda wapi? Oili nzuri inayabeba, ndiyo maana inakuwa nyeusi. Oili inayotoka safi imeyaacha humo humo ndani. Nyinyi na huyo Swalehe wenu mnataka mfagiaji wa soko atoke kazini na kanzu nyeupe."

"Kama inafagia vizuri hivyo, mbona gari linakufa?"

"Hilo ndilo la kupima. Ukiumwa daktari hakulambi. Anachukua damu, anachukua choo, anapeleka maabara. Oili iliyotumika ndiyo damu na choo cha injini. Ipo maabara Dar es Salaam inayopima. Wataona chuma kilichosagika, wataona shaba, wataona kama kumeingia maji au dizeli au mchanga. Na wataona kama oili yenyewe bado ina uzito wake au imelegea."

"Na wewe mshitakiwa ndiye utakayebeba ushahidi?"

"Beba wewe. Dereva wako aikinge, wewe ufunge kifuniko, wewe uipeleke kwenye basi. Na hapo rafuni chagua kopo lolote ambalo halijafunguliwa, wapime na oili mpya, wailinganishe na ya kwako."

Watu wa ng'ambo walikuwa wameshavuka barabara. Rukaiya aliwaona akaongeza sauti. "Na ikiwa feki?"

"Nitashusha bango langu kwa mkono wangu, na Masasi sitauza oili tena."

"Na ikiwa si feki?"

"Utakwenda pale pale gereji ulipoiita oili yangu chai ya rangi, mbele ya watu wale wale, useme ulikosea. Sitaki kingine kwako."

Rukaiya alicheka. "Hilo tu? Hata msikitini nitalitangaza." Akampa mkono, mbele ya watu wote, Nurdini akaupokea. Duka lile lilikuwa la baba yake, na yeye alilikuza mpaka kufika hapo. Alikuwa ameliweka lote rehani kwa ajili ya kichupa cha oili chafu, mbele ya mwanamke mwenye mdomo.

Kukinga sampuli nako kulikuwa na masharti yake. Rukaiya alitoa garini chupa tupu ya dawa ya mikorosho, ameisuuza mwenyewe. Nurdini aliikataa kama aliyepewa panya. "Ukitia humo watatujibu injini ina wadudu." Akatoa kichupa cha maabara, kimefungwa, hata mtoto mchanga wa Masasi hajawahi kunyonyea kitu kisafi kama kile. Injini ikiwa bado ya moto, Ladislaus aliingia uvunguni, akalegeza nati, akaacha ya kwanza imwagike, kisha akakinga ile ya katikati. Rukaiya akafunga kifuniko, akakipeleka kichupa na kopo jipya kwenye basi la Dar mwenyewe, amevikumbatia. Hakumwamini hata kondakta.

Siku za kungoja hazikumsumbua Rukaiya. Alikuwa na uhakika. Kilichomsumbua Nurdini ni kwamba jina lilikuwa na miguu. Lilifika Makote, likafika Chidya, likateremka mpaka Lukuledi. Kwenye harusi moja mzee alipokaribishwa chai isiyo na maziwa aliuliza kama ni ya Nurdini, ukumbi ukaanguka. Fundi Swalehe, ambaye hakosi fursa, alileta pipa la oili nzito isiyo na jina, yenye rangi ya asali, akawa anaipima kwa jagi. Watu walikuwa wanamwaga sintetiki ya Nurdini ikiwa bado ina safari nyingi ndani yake, wanatia asali ya Swalehe, wanachomoa kijiti baada ya siku kadhaa na kuonyeshana: ona, bado safi! Injini zao ndani zilikuwa zinavaa masizi kama masufuria ya msibani, lakini injini haina dirisha.

Majibu yalipokuwa tayari Nurdini alimpigia Rukaiya simu ashuke. Alikuta dukani hakuna mteja. Nurdini alikuwa amekubaliana na mtaalamu wa maabara, dada mmoja aitwaye Happiness, apige na kueleza wote wakisikia, ili asije akaambiwa ameibadili karatasi. Simu ikawekwa mezani, sauti juu. Ladislaus alisimama mlangoni.

"Nianze na mnachogombania," ilisema sauti ya Happiness. "Oili ni halali. Ile mpya ni sintetiki kama kopo linavyosema. Ile iliyotumika ni ile ile. Uzito wake kwenye joto haujalegea, na nguvu ya kuzima asidi bado inayo, ingawa imechoka kuliko safari mlizoniandikia. Kwa mateso niliyoyakuta humo, ningekuwa karibu ningeipa pole."

Nurdini alifumba macho.

"Sasa niulize mimi," Happiness aliendelea. "Hilo gari linafanya kazi wapi? Kwenye volkano?"

"Newala," alisema Nurdini.

"Newala kuna volkano?"

"Hakuna, kuna Wamakonde," alidakia Rukaiya, kwa mazoea tu. Hakuna aliyecheka.

"Nauliza kwa sababu nimekuta mchanga mwingi, na salfa. Salfa kidogo huwa ipo kwenye oili na kwenye dizeli. Hii imezidi mno. Mchanga unasaga ringi na silinda, ndiyo maana chuma kimepanda. Na salfa inakula shaba ya beringi, nayo nimeiona. Sasa vitu hivi havikuja na oili, ile mpya haina. Vimeingia kwa njia ya pumzi. Chujio la hewa lina hali gani?"

Ladislaus alitazama dari. Aliitazama kwa makini sana, kama aliyeitwa kuipaka rangi.

Chujio la hewa la Fuso ya Rukaiya lilikuwa na hali nzuri kabisa. Lilikuwa jipya, ndani ya boksi lake, juu ya kabati la vyombo sebuleni Newala, kati ya birika la wageni na glasi ambazo hazijawahi kunywewa na mtu. Lile la zamani lilipoziba na kuchanika, Rukaiya alinunua jipya, akalitazama lilivyo jeupe na kupendeza, akakumbuka kwamba msimu wa kusambaza salfa ndio unaanza, na barabara za vijijini zina vumbi la kumzika mtu. Roho ikamuuma. Kitu kizuri kama kile kichafuliwe na salfa? Akaamuru gari litembee bila chujio mpaka korosho zianze, ndipo livishwe. Yaani alilificha chujio ili lisipate vumbi. Swalehe aliulizwa, akasema ni sawa, tena injini itapumua vizuri zaidi. Na injini ikapumua. Ilipumua salfa ya nusu ya wilaya na mchanga wote wa njia ya Makote.

Na Ladislaus alisema. Alisema asubuhi ile ya moshi, akasema siku ya kwanza ya kupakia salfa, akasema kila walipopita kijiji. Lakini Mmakua angeweza kulisemaje kwa Mmakonde, tena mwajiri wake, tena mama wa umri ule, isipokuwa kwa utani? Ndiyo njia pekee ya heshima aliyokuwa nayo. Na Rukaiya kila mara alikuwa amemjibu vizuri na kumshinda.

"Halo? Chujio lipo?" iliuliza simu.

"Lipo," Rukaiya alisema.

"Liko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani linachuja nini?"

Happiness, ambaye hakuwa na habari kwamba ameuliza swali ambalo lingechekesha Newala nzima kwa mwaka mzima, aliendelea na kazi yake: gari lisimame leo, njia ya hewa isafishwe, chujio lifungwe, ringi zibadilishwe, oili imwagwe. Injini bado inapona. Wangeendelea mpaka korosho zianze, wangekuta silinda zimekwisha na hakuna cha kupona.

Rukaiya aliyafanya yote. Swalehe ndiye aliyefungua injini, na lazima isemwe kwamba mikono ya Swalehe ni mizuri. Ni ulimi wake tu ambao ungetakiwa kufungiwa. Gari likatiwa oili ile ile ya Nurdini, kwa siri, nyuma ya nyumba. Likapanda mlima bila kuhema. Moshi ukaisha. Mtu aliyemtukana ndiye aliyemwokolea gari lake, hilo alilijua, na alijua pia ahadi aliyoiwekea mkono.

Hapo sasa ndipo mwanamke yule jasiri, aliyewahi kumwambia karani wa chama mbele ya mkutano kwamba hata mizani ina aibu kuliko yeye, alipoanza kuumwa kichwa. Leo kuna jua kali. Kesho kuna msiba. Ijumaa watu hawakai gereji. Wiki ijayo Swalehe hayupo. Si kwamba alitaka kumdhulumu Nurdini. Alichokiogopa ni lile benchi. Alijua watakachosema, kwa sababu ndicho ambacho yeye angekisema: chujio kabatini na birika la wageni! Angeitwa nini? Alijaribu kujitungia jina mwenyewe, aone litauma kiasi gani, akakuta ni zuri sana, akaogopa zaidi.

Nurdini hakumkumbusha hata mara moja. Aliibandika karatasi ya maabara mlangoni kwake. Watu walikuja kuisoma, wakaikubali kuwa ina mihuri mizuri, wakasema siku hizi hata steshenari za hapa Masasi zinachapa.

Mpaka asubuhi moja, msimu umeshafunguliwa na magunia yamejaa kila chama, Ladislaus hakumtania. Alisalimia, akaitikiwa, akakaa kwenye usukani bila kuwasha.

"Mama," alisema, "yule mtu anafunga duka."

Rukaiya hakusubiri hata kunywa chai. Alikwenda gereji. Kulikuwa kumejaa kuliko siku zote: malori ya korosho yamepanga foleni kufanyiwa sevisi, madereva, makuli, benchi zima mahali pake, Swalehe na kijiti chake. Akapanda juu ya tairi bovu ili aonekane.

"Nisikilizeni," alisema. "Nimekuja kusema nimekosea. Oili ya Nurdini ni nzima. Imepimwa maabara. Gari langu liliharibika kwa sababu mimi nililitembeza bila chujio la hewa. Chujio nilikuwa nalo. Nililiweka sebuleni kabatini, lisichafuke na vumbi."

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Mama Stamili leo umeamka nayo!" alipiga kelele mmoja. "Lisichafuke na vumbi! Chujio!"

"Sitanii," alisema Rukaiya.

Wakacheka zaidi. Ndivyo alivyokuwa siku zote: neno la kuvunja mbavu analitoa na uso mkavu kama wa hakimu. Kadiri alivyokaza uso ndivyo walivyoshika matumbo. Mtu gani mwenye akili angeficha chujio la vumbi lisipate vumbi? Walimwona amewaletea kisa kizuri kuliko vyote, tena cha kumkejeli Nurdini vizuri zaidi: ati oili yake ni nzima sawasawa na chujio linavyokaa kabatini!

"Ladislaus!" aliita. "Waambie!"

"Ni kweli," Ladislaus alisema. "Nilikuwapo. Mama anasema kweli."

"Mmakua anamtetea Mmakonde!" benchi lilishangilia. "Leo kapikiwa wali!"

"Mimi nililamba," alisema Fundi Swalehe kwa utulivu, na kwa watu wale hiyo ilitosha.

Rukaiya akashikwa na hasira za kweli. Akawatukana. Akawaita mbuzi wa kulamba chumvi, akawaambia vichwa vyao ndivyo vinavyohitaji kubadilishwa ringi. Ndipo raha yao ilipokamilika, maana hayo ndiyo waliyoyazoea na kuyapenda kwake. Mmoja alikuwa anarekodi na simu. Rukaiya alishuka kwenye tairi, na alipopita njiani mtu alimkaribisha kibandani kwa furaha: "Mama Stamili, njoo upate chai ya Nurdini!"

Alimwambia Ladislaus washuke Masasi. Njia nzima hapakuwa na utani.

Bango la bluu lilikuwa limeshashushwa, limeegemezwa ukutani uso ndani. Nurdini alikuwa anatoa maboksi na kuyapanga barazani, kanzu ameifunga kiunoni. Alikuwa anahamia Tunduru, kwa shemeji yake. Alisema ndiko ambako jina lile halijafika, ingawa hakuwa na uhakika litachukua muda gani.

"Baba Faruku," alisema Rukaiya, naye hakuwahi kumwita hivyo tangu wafahamiane. "Nimesema. Leo asubuhi, mbele ya wote, kama tulivyopeana mkono. Nimewaambia mpaka la kabati. Hawakuniamini. Wamecheka."

"Nimesikia. Wamenitumia kwenye simu."

"Nitarudi tena kesho. Nitawapelekea karatasi. Nitampigia yule dada wa maabara awaambie mwenyewe. Ladislaus ni shahidi."

Nurdini aliweka boksi chini, akanyoosha mgongo. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Rukaiya kuliko angemfokea.

"Mama Stamili, siku ile uliponitukana hukuwa na karatasi, wala maabara, wala shahidi. Walikuamini saa ile ile."

Nurdini aliinamia tena boksi lake, likamshinda uzito, akawa analivuta sakafuni kuelekea barabarani ambako Fuso ilikuwa imesimama, injini yake inanguruma taratibu, bila moshi. Rukaiya akaenda akashika upande wa pili, wakalipandisha garini.